Ufunguo wa Nyani wa Bati

Nilicheka msibani. Sikutabasamu kwa kujificha nyuma ya kanga kama afanyavyo mtu mwenye adabu zake; nilicheka kwa sauti, mwanamke mzima mwenye vitukuu, nimekaa mkekani pale Nyasubi, mjini Kahama, katikati ya wafiwa. Wanaume ndio kwanza walikuwa wamerudi kutoka makaburini. Binti mkubwa wa Zuwena alikuja akapiga magoti mbele yangu, akafungua fundo kwenye pindo la kanga ya marehemu mama yake, akanitilia kiganjani ufunguo mdogo wa shaba. Kisha akaninong'oneza ujumbe ambao mama yake alimwachia anifikishie baada ya maziko. Ulikuwa maneno matatu tu. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipoanza kutoka hayakukoma, kwa hiyo wale waliokuwa wamenikodolea macho wakanisamehe.

Niliunusa ule ufunguo. Ulikuwa unanukia udi wa Zuwena, lakini chini ya udi ile harufu yake ya zamani ilikuwa bado ipo, harufu ya shaba iliyoshikwa na mkono wenye jasho. Naijua vizuri harufu hiyo kwa sababu jasho la kwanza kabisa lililoiamsha lilikuwa langu.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa nikisema kwamba sisi hatukununuliwa mchezo. Kichuguu kikilowa mvua, wavulana walifinyanga ng'ombe, kila mmoja na zizi lake, na ng'ombe hao walichungwa, waliibwa, walitolewa mahari na walikufa kwa ugonjwa kama ng'ombe wengine wowote. Sisi wasichana tulibeba magunzi ya mahindi mgongoni. Gunzi lililobaki na nywele zake ndilo lilikuwa mtoto mzuri, na mbuzi akimla mtoto wa mtu tulikaa matanga. Leo wajukuu zangu wananunuliwa gari linalojiendesha, linalojipigia honi na kujiwashia taa, na mtoto anabaki amekaa pembeni analitazama. Nawaambia mama zao waziwazi, hata wakininunia: huo ni mchezo uliokwisha kuchezwa kiwandani, mtoto mmemletea makombo. Wananijibu kwamba mimi ni mtu wa zamani. Ni kweli, na nina ushahidi wa zamani.

Mchezo mkubwa kuliko yote ulikuwa ngoma. Wazazi wetu walikuwa wamehama kutoka upande wa Shinyanga kufuata mashamba mapya, tukawa tunaishi kwenye senta ndogo njia ya kwenda Masumbwe, yenye ghala la pamba na maduka mawili. Pamba ikishauzwa, kiangazi kimekauka na watu wana nafasi, Wagika na Wagalu walishindana. Hizo ndizo kambi mbili za wacheza ngoma wa Kisukuma, na kila Msukuma wa wakati ule alijua ukoo wake unashangilia upande gani. Vikundi viwili vilipiga ngoma kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, huyu huku na huyu kule. Hapakuwa na mwamuzi. Watazamaji walijiendea wenyewe walikovutiwa, na jua likikaribia kuzama, aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi.

Kwa hiyo kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, alitafuta cha kuvuta watu. Mmoja alicheza na chatu, mwingine alileta sanamu za miti zenye mikono inayochezeshwa kwa kamba. Na wote, bila kumtoa hata mmoja, walikuwa na samba. Samba ni dawa ya kuvuta watu, manju huifunga kiunoni ndani ya pembe, na mtu mwingine haruhusiwi kuigusa. Wakubwa waliamini kwamba nyimbo nzuri bila samba ni sawa na kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto wakati wa mafuriko. Sisi watoto tuliona yote hayo, tukayachukua yote, na dawa tukaichukua pia.

Manju wetu alikuwa Masanja, mtoto wa baba yangu mkubwa. Alikuwa na umri wa kama miaka kumi na miwili na sauti ya kuamsha wafu. Pembe yake ilikuwa ya mbuzi, na ndani yake kulikuwa na mkaa, unyoya wa kanga na kitu cha tatu ambacho hakutuambia. Manju wa upande wa pili alikuwa Nkwabi, mrefu, mtanashati, mwenye meno meupe ambayo aliyajua kuwa meupe. Mwaka wa kwanza Nkwabi alitushinda. Mwaka wa pili alitushinda mpaka mama zetu wakaenda kusimama kwake. Wa tatu Masanja akafanya jambo ambalo hakupaswa kulifanya: kwa hasira, mbele ya watoto wote, akaweka ngoma ya babu iwe dau.

Ilikuwa ngoma ndogo, ya kushika kwa magoti mawili. Babu yetu aliichonga akiwa ameshaanza kutetemeka mikono, na ukipitisha kidole pembeni unaona mahali tezo ilipoteleza. Kilikuwa kitu cha mwisho alichokichonga. Mapatano ya watoto yalikuwa hivi: atakayeshindwa anaambiwa "Mmeshindwa, leteni ngoma," naye anaibeba ngoma yake kichwani, anavuka uwanja watu wote wakimwona, anaitua miguuni kwa mshindi. Haibebi kwapani. Kuibeba kwapani ni kujifanya hujashindwa.

"Bebe, wewe Masanja," nilimwambia tulipofika nyumbani, "umeuza babu!"

"Sijauza," akasema, lakini macho yake yalikuwa chini. "Tutashinda."

"Kwa lipi? Kwa mkaa ule?"

Akachukua kisu akaanza kuchonga kichwa cha sanamu, na mimi nikaenda kutafuta kibuyu cha kufanya tumbo, kwa sababu hasira zangu zote tangu utotoni zimekuwa zikiishia mikononi.

Tulimwita Bwana Matuta. Miaka ile serikali ya mkoloni ilikuwa inamlazimisha kila mtu kulima kwa matuta, na bwana shamba alipita kwa baiskeli na fimbo yake ya kupimia. Tuta likipungua urefu, aliandika jina la mwenye shamba kwenye daftari, na jina likishaandikwa baba wa watu alikuwa na kesi. Sanamu yetu ilikuwa yeye mtupu. Kofia yake ilikuwa nusu ya kibuyu iliyopakwa majivu, kaptura yake ilikatwa kwenye gunia, na mikono na magoti yaliungwa kwa waya ambao kaka yangu mkubwa aliuleta kutoka mgodini Geita. Ukivuta kamba moja alipima tuta. Ukivuta ya pili aliandika. Ukivuta ya tatu alitikisa kichwa kwa masikitiko. Sikuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile tena, na nimetengeneza vingi, maana baadaye nilikuwa mwalimu na nilifundisha kazi za mikono mpaka nilipostaafu.

Basi tukiwa na Bwana Matuta tulikuwa na uhakika wa ushindi, kwa muda wa kama wiki moja. Ndipo akaja nyani.

Duka la pili la senta lilikuwa limechukuliwa na mfanyabiashara kutoka Tabora, na mfanyabiashara huyo alikuwa na binti wa rika langu, Zuwena. Alivaa viatu. Alisema Kiswahili kilichonyooka, kisicho na kona wala kisiki, wakati sisi Kiswahili chetu kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Kwa makosa hayo mawili tulimwacha asimame peke yake kwenye mlango wa duka mwezi mzima. Siku moja baba yake alirudi kutoka Mwanza na boksi, na mchana ule Zuwena akaketi barazani akatoa nyani wa bati, mwenye kofia nyekundu, ameshika vijiti viwili na ngoma tumboni.

Shingoni Zuwena alikuwa amevaa uzi wenye ufunguo. Akauingiza mgongoni kwa nyani, akauzungusha, krrr, krrr, akamweka chini. Nyani akapiga ngoma. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akatutazama, akapiga. Tulikimbia mpaka barabarani. Tulipochungulia alikuwa amekufa, mkono mmoja juu. Zuwena akamtia ufunguo tena, akafufuka.

Nkwabi ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi. Alikwenda na meno yake yote.

"Dada, njoo ucheze na sisi," akamwambia. "Na huyu mwenzio pia."

Sitausahau uso wa Zuwena wakati ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa na njaa. Mimi niliuona na sikujali, maana nilichokuwa nakitazama ni ule ufunguo.

Sasa nielezeni, mtoto aliyekulia pale angewaza nini? Kulikuwa na nyani mwenye ngoma. Kulikuwa na kitu kidogo ambacho mwenyewe anakivaa mwilini na hakitoi. Kitu hicho kikimgusa nyani, nyani anapiga na watu wanajaa. Kikiondoka, anakuwa bati. Hata mtoto wa miaka minne angejua kwamba ile ni samba. Wazungu walikuwa wameitoa kwenye pembe wakaitia kwenye shaba, basi. Nilikuwa na uhakika kuliko nilivyokuwa nao juu ya jambo lolote tangu hapo, na mimi si mtu wa mashaka.

Hata hivyo nilichunguza. Nilimkuta Zuwena mtoni nikamsaidia kujitwika ndoo, nikamuuliza kwa Kiswahili changu cha chumvi:

"Hii, baba yako alipewa na nani?"

"Ufunguo? Alikuja nao nyani kwenye boksi. Umetoka Ulaya."

"Unafungua nini?"

"Haufungui kitu. Unamtia nguvu tu."

"Bila huu hachezi?"

"Hachezi. Baba amesema nikiupoteza nitamjua yeye ni nani."

Ushahidi uliobaki ulikuwa wa nini? Hata onyo la mwenye dawa lilikuwepo.

Asubuhi ya mashindano Zuwena alikuja mtoni kuoga ili akapendeze mbele za watu. Alivua uzi akauweka juu ya jiwe pamoja na kanga yake. Alipojipaka sabuni usoni na kufumba macho, niliuchukua. Sikutetemeka. Nilifunga ufunguo kwenye pindo langu, uzi nikautupa majini, na alipofumbua macho na kuanza kulia, nilimsaidia kuutafuta. Niliingia kwenye matope mpaka magotini. Nilipapasa chini ya mawe. Nikamwambia, "Labda umechukuliwa na maji." Nayasema haya bila kujipaka mafuta: nilitafuta kwa bidii kitu nilichokuwa nimekikalia.

Nyumbani nilimpenyezea Bwana Matuta ule ufunguo tumboni kupitia mdomo wa kibuyu, nikaziba kwa pamba. Masanja sikumwambia. Dawa ikisemwa inapoa.

Mchana uwanja wa ghala la pamba ulikuwa umejaa wakubwa wanaosubiri ngoma yao, na kama kawaida walianza kwa kututazama sisi. Habari za nyani zilikuwa zimefika mpaka Masumbwe. Walikwenda kwa Nkwabi moja kwa moja, wakamzunguka mduara baada ya mduara, na sisi tukabaki na shangazi mmoja na mbwa. Nkwabi alimweka nyani juu ya kinu kilichopinduliwa. Akapiga wimbo wake, akanyoosha mkono kumwonyesha nyani, na nyani akakaa vilevile, mkono mmoja juu. Akaimba tena. Nyani ndiyo kwanza kama anawashangaa. Watu wakaanza kuguna, kisha kucheka, na mzee mmoja akauliza kama nyani naye anadai malipo kwanza.

"Mpe nguvu!" Nkwabi alimfokea Zuwena.

"Nimekwambia umepotea. Asubuhi nilikwambia."

"Basi ondoka na bati lako. Ondoka!"

Alimsukuma. Zuwena akamkumbatia nyani wake akatoka katikati ya mduara ule, na watu wazima wakampisha njia kama wanavyompisha mtu mwenye ndui.

Upande wetu Masanja alikuwa anavuta kamba na mimi ndiye niliyekuwa sauti ya Bwana Matuta. Watu kumi na watano hivi walikuwa wamesogea. Tatizo lilikuwa kwamba bwana shamba alisema Kiswahili cha serikali, na mimi cha serikali sikuwa nacho. "Wewe! Tuta hii hapana lefu! Mimi naandika wewe kwa selikali!" Walicheka kidogo kwa huruma. Kisha nikasikia mtu mwingine anacheka, kicheko chenye kwikwi za kilio ndani yake. Zuwena alikuwa amesimama nyuma yangu, uso wote machozi na kamasi.

"Bwana shamba hasemi hivyo," akasema.

"Anasemaje?"

Alikuwa amekaa mwezi mzima mlangoni kwa baba yake akimsikiliza kila aliyepita. Akanipa nyani nimshike, akajifuta uso, akakohoa kama bwana shamba, akaanza. "Mwananchi! Nimekagua shamba lako na nimesikitika. Nimesikitika sana. Tuta la kwanza ni fupi. Tuta la pili ni fupi. Tuta la tatu silioni kabisa, tafadhali nionyeshe lilipolala." Masanja akavuta kamba ya kichwa. Watu walipasuka. Waliokuwa kwa Nkwabi waligeuza shingo, halafu miguu, wakaja wakikimbia. Zuwena aliita majina ya mashamba ya watu waliokuwa pale pale, akawakaripia mmoja mmoja, na kila aliyekaripiwa alishika mbavu. Mama yangu alikaa chini kabisa kwenye vumbi.

Halafu kicheko kikakatika kutoka nyuma kuja mbele. Watu walikuwa wanaachia njia. Bwana shamba mwenyewe, wa nyama na damu, alikuwa anaikokota baiskeli yake katikati yao, fimbo ya kupimia imefungwa kwenye mwamba wake. Zuwena alikuwa amempa mgongo. Akaendelea: "Na wewe mama, tafadhali, hilo ni tuta au ni kaburi la panya?" Alipoona hakuna anayecheka ndipo akageuka.

Mnajua wenyewe enzi zile zilikuwaje. Masanja aliachia kamba, Bwana Matuta akaanguka kifudifudi.

"Nani anayesema kwa sauti yangu?" bwana shamba aliuliza.

Ningeweza kusema ni mimi. Sikusema. Zuwena akapandisha kamasi akasema, "Ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba." Alimtazama, akaitazama sanamu, akafungua fimbo, akainama akapima nayo kaptura ya gunia. "Umekosea," akasema. "Mimi tangu nianze kazi hii sijawahi kusema tafadhali. Toa hiyo tafadhali. Haya, endelea."

Basi, hapo ndipo uwanja ulipohama. Kwa Nkwabi kilibaki kinu peke yake. Jua lilipofika kwenye paa la ghala Masanja akasimama juu ya debe, akapiga kelele aliyokuwa ameibana kwa miaka mitatu: "Mmeshindwa! Leteni ngoma!" Nkwabi akajitwika ngoma yake, akavuka. Tulimwacha atue, kisha Masanja, ambaye alikuwa mtu mwema, akamrudishia.

Mimi nilikuwa nimekumbatia tumbo la Bwana Matuta na moyo unanipasuka kwa furaha na hofu. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Dawa ile ilikuwa kali kiasi cha kumvuta hata mwenyewe niliyemwibia. Ilimtoa kule ikamleta huku, ikamweka kinywani maneno, ikamlainisha hadi mtu wa serikali. Sikuwahi kusikia samba ya namna hiyo.

Kesho yake Zuwena alikuja kucheza na sisi akiwa na alama za kiboko kwenye miguu yote miwili. Baba yake alikuwa amemjulisha yeye ni nani. Niliziona zile alama, nikazihesabu kwa macho, nikanyamaza. Na hapa ndipo ninapotaka mnielewe, kwa sababu sikunyamaza kwa kuogopa kiboko. Kiboko nilikizoea. Niliamini kwamba ule ufunguo ndio uliokuwa unamshika Zuwena kwetu. Siku nitakayoutoa atageuka, atavaa viatu vyake, atarudi mlangoni kwa baba yake na Kiswahili chake chote. Nilikwisha kumpenda. Alinifundisha kusema "refu", nilimfundisha kufinyanga ng'ombe, tulimzalia Bwana Matuta mke na watoto saba, na kila jioni nilipapasa tumbo la kibuyu kuhakikisha rafiki yangu bado yumo. Kisha duka likafungwa, wakahamia Kahama, nami nikaamini kwamba pamba niliyozibia imelegea na nguvu imevuja.

Niliujua ukweli nikiwa darasa la tatu. Saa ya ukutani ya shule ilisimama, mwalimu akapanda juu ya kiti, akatoa ufunguo mdogo wa shaba nyuma ya saa, akauzungusha, krrr, krrr. Mvulana mmoja aliuliza, mwalimu akaeleza: ndani kuna springi, ukiizungusha inajikaza, ikijikunjua inasukuma. Tu. Niliomba ruhusa nikaenda nje nikakaa nyuma ya choo. Hapakuwa na dawa. Tumboni mwa Bwana Matuta hapakuwa na springi ya kukazwa na ufunguo ule, palikuwa na kibuyu kitupu. Aliyeujaza uwanja alikuwa Zuwena, na alikuja kwetu kwa sababu nilikuwa nimemharibia mahali pengine pote. Nililia kwa aibu, kisha nikanawa uso nikarudi darasani, na nadhani siku ile ndiyo niliyoanza kuwa mwalimu.

Ufunguo nilikaa nao maisha yangu yote bila ushujaa wa kuupeleka. Miaka michache iliyopita ndipo mwanangu aliponiambia kwamba amemjua mama mmoja wa Nyasubi ambaye watu hujaa barazani kwake kila jioni, si kwa biashara, kwa kumsikiliza tu akiigiza viongozi. Sikuuliza jina. Nilipanda gari kesho yake.

"Nani anabisha hodi?" akauliza kutoka ndani.

"Bwana Matuta."

Kelele aliyopiga ilitoa kuku uani. Tulipokwisha kulia na kutazamana mvi, nikaweka ufunguo mezani kati ya vikombe vya chai. Aliutambua.

"Nilichapwa, Kabula."

"Najua. Niliona alama."

"Na ukanisaidia kuutafuta."

"Nilikusaidia."

"Mpaka kwenye matope."

"Mpaka kwenye matope. Nisamehe, dada yangu."

"Mbona hukuurudisha? Mlikuwa mmeshashinda."

Nikamwambia. Nilimwambia juu ya samba, juu ya pamba niliyozibia, na jinsi nilivyopapasa kibuyu kila jioni nisije nikampoteza. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Mjinga wewe!" akasema. "Mimi nilikuja kwa sababu Kiswahili chako kilikuwa kinaniumiza masikio. Na nilibaki kwa sababu kwenu ndiko nilikopewa kazi. Kwa Nkwabi kazi ilikuwa ya nyani."

Nilimuuliza nyani yuko wapi. Akasema watoto wake walimchezea mpaka akaisha, na hawakuwahi kuuhitaji ufunguo. Walimpigia ngoma kwa midomo. Kisha akauchukua, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo kwa meno.

"Sasa zamu yangu kukaa nao," akasema. "Sisi wote wawili safari iko karibu. Tuone msiba wa nani utajaza watu."

"Na atakayeshindwa?"

"Si unajua?"

Wiki iliyopita Nyasubi ilijaa. Maturubai matatu hayakutosha, watu walikaa kwenye vibaraza vya majirani mpaka barabara kuu, bodaboda zilizimwa zikapangwa, na ndani ya kilio chenyewe unasikia mtu anaigiza jinsi marehemu alivyokuwa akimwigiza diwani. Sijidharau, mimi nikifa nitapata watu, nimefundisha nusu ya wilaya. Lakini najua kuutazama uwanja. Binti yake aliponitilia ufunguo mkononi na kuninong'oneza, "Mama amesema: Umeshindwa, leta ngoma," sikuwa na la kubisha.

Ngoma ya babu iko uvunguni mwa kitanda changu tangu Masanja alipofariki. Ngozi imelegea. Jana nilimwita mjukuu wangu, nikamwambia aliache gari lake la betri kidogo aje anishikie pembeni nikaze kamba, na alipoliachia likaenda lenyewe likagonga ukuta, likaendelea kugonga, naye hakulitazama. Siku ya arobaini ya Zuwena nitashuka gari barabarani, na kutoka pale hadi mlangoni kwake nitatembea nimeibeba kichwani.